Udongo uliopanda na moshi

Juzi, nikiwa kwenye ofisi ya serikali ya komini Kampemba, mama mmoja alimshitaki kwa karani jirani yake wa shamba la bondeni, Naviundu.

"Sitwayeni karani, huyu anauzisha udongo! Mashamba yetu ilikuwa sawasawa, sasa yake imeshuka kipimo ya goti."

Jirani, amepakata kabichi ya shamba hilo, kubwa kama sufuria, akajibu: "Sijauzisha. Nilichimba mufereji, maji ikatoka, ile udongo ya majani ya kuoza ikakauka. Sasa inaungua chini kwa chini."

"Kisha inaenda wapi?" karani akauliza.

Jirani akaonyesha dari. "Kule yulu, na moshi."

Mshitaki aliikodolea macho ile kabichi. "Basi na miye munipe ruhusa ya mufereji."

Nilimcheka mama huyo njia nzima. Nilipofika nyumbani nikanoa jembe: shamba la tatu pale ni langu, na kabichi zangu hazizidi ngumi.