Fatiha ya Mwalimu Ausi

Zamani aliyetaka kujua kushona kofia za viua, zile za vitundu vya kutariziwa uzi, alikaa mkekani miaka miwili akitazama vidole vya mwalimu; siku hizi anavaa dude machoni, na chai haijapoa keshakuwa fundi.

Mzee Alawi wa Bagamoyo alikubali kwenda Mapinga, kwa Twalib na mkewe Naila, kwa sharti moja. Vijana hao walikuwa wakirekodi video za mafunzo ndani ya ulimwengu wa kompyuta, mahali ambapo watu hutembea kwa sura za kuchorwa, na walimtaka afundishe humo.

"Kabla uzi haujaingia sindanoni, inasomwa Fatiha ya mwalimu wangu, Ausi, na jina linatajwa," aliwaambia. "Naye alimsomea wake. Ndivyo tulivyopokea."

"Hilo tu, babu?" Twalib akacheka. "Dogo hilo!"

Wakamvisha miwani mikubwa kama ya mzamiaji. Akajiona yumo barazani, kikaragosi cha mzee, kofia mkononi. Akasoma, akamtaja Ausi, akashona saa nzima, kitundu baada ya kitundu, mpaka shingo ikamuuma.

Wiki ya pili akarudi kuona kazi. Video ikaanzia kwenye sindano.

"Ausi yuko wapi?"

"Tumekata kidogo, babu," alisema Naila. "Ukianza na marehemu, watu wanahama."

"Wanahamia wapi?"

"Video nyingine. Ya mapishi, labda."

"Basi wakale!"

"Usikasirike, babu yangu. Jina tutaliweka mwishoni, kwa maandishi madogo."

Maandishi madogo! Mtu aliyemfumulisha kofia yake ya kwanza mara saba, awekwe chini kama onyo kwenye boksi la dawa! Alawi akavaa miwani mwenyewe, awaone hao wanaohama. Barazani walikaa vikaragosi kumi na kitu, kila kimoja na kofia isiyoshikika. Akamuuliza wa karibu, "Mwalimu wako nani?"

"Twalib," ikajibu sauti ya kijana, bila hata shikamoo.

Alawi akavua miwani. "Ifuteni mikono yangu humo. Yote."

"Tutaangalia, babu," alisema Twalib, na kwa kuwa darasa lilikuwa linaanza, mume na mke wakavaa miwani yao.

Alawi akasimama mlangoni, akamsomea Ausi Fatiha kwa sauti, kisha akatoa salamu ya kuaga. Akairudia. Mara ya mwisho kuwaona walikuwa katikati ya chumba, masikio yamezibwa na spika za miwani, vidole vimebana sindano isiyokuwepo, wakicheka na watu wasiokuwamo nyumbani.