Viganja vya Binti wa Mazoezi

"Siinami!" nilimwambia. "Nilipoinamisha kichwa Ijumaa, msikiti wote wa Koboko ulinizunguka, na mnara ukipita mbele yangu unanisalimu."

"Mnara haina miguu, Mama. Inama," akajibu binti anayenifanyisha mazoezi ya kizunguzungu pale kliniki ya Arua, wala hakucheka.

Ndivyo alivyo. Sauti yake ni ndogo, ya mtu anayebembeleza mbuzi aingie zizini, lakini hairudi nyuma. Kila nikija huinua dole gumba mbele ya pua yangu: nilikazie macho huku nikigeuza kichwa kulia na kushoto, hata dunia ikianza kuzunguka. Nikimlaani, husema, "Vizuri, kichwa inajifunza." Akinisimamisha juu ya godoro nimefumba macho, viganja vyake hukaa nyuma yangu kama vya mtu anayevizia kuku, lakini havinigusi.

Leo nilitaka kitu kimoja tu: kusujudu chini, nisiendelee kuswalia kwenye kiti. Nikapiga magoti, nikainama. Dunia ikatikisika kidogo, kama punda anayefukuza nzi, halafu ikatulia. Paji langu likagusa mkeka! Nikachungulia chini ya kwapa. Binti alikuwa ameficha viganja nyuma ya mgongo, na vidole vyake vya miguu vinacheza ngoma ndani ya ndala.

"Umeona?" nikapiga kelele nikiwa huko huko chini. "Waambie wote waliosema nina jini, kwamba jini mwenyewe amekimbilia Kongo bila viatu, na—"

Mlango ukafunguka. Mwanangu Swaib akaniona paji chini, akapiga yowe: "Mama ameanguka!"