Oveni ya Machubwi

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma hapa asitafute mapambo. Nitasema lilivyokuwa.

Kazi yangu ni kuyeyusha risasi. Si ya bunduki. Nasema yale madini laini, mazito, wanayomiminia machubwi, yaani vile vizito wavuvi wanavyofunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Marehemu mume wangu alikuwa akiyamimina nyuma ya nyumba yetu hapa Kigombe, na alipofariki nilichukua sufuria lake na kalibu zake za kumiminia nikaendelea. Watu walisema hiyo kazi ya kiume. Nikawauliza, moto wa kupikia wali ndio wa kike? Machubwi yangu wakanunua. Risasi naipata Muheza kwa mafundi wa matairi, vile vipande wanavyobandika kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Vikishatolewa wao hawana haja navyo.

Mwaka jana waliniletea mjukuu wangu, binti wa mwanangu, ajifungulie kwangu. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka. Hii ilikuwa ya tatu, na wakwe zake wa Maramba walimleta wao wenyewe. Mama mkwe wake, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alinishika mkono mlangoni akasema, "Tumekuletea mtu mmoja. Tunaomba kupokea wawili." Nikasema inshallah. Usingizi wangu ukapungua tangu siku ile.

Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nesi akamuuliza mambo yake, halafu akanigeukia mimi. "Bibi, nyumbani mnafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba risasi ni sumu, inaingia mwilini kidogo kidogo kwa mikono, kwa vumbi, kwa chakula, na mtoto aliye tumboni ndiye inayemwonea zaidi. Nilitaka kumjibu kwamba wavuvi wetu hulibana chubwi kwa meno tangu enzi za mababu. Nikamtazama mjukuu wangu, alivyoshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, nikalimeza neno langu.

Sikuacha kazi, maana ndiyo inayotulisha. Lakini jiko la kuyeyushia nililihamishia mwisho wa kiwanja, upande upepo unakotoka nyumbani kwenda nje. Nguo za kazi zikabaki huko huko. Na mjukuu nikampiga marufuku kusogea. "Mke mwenzangu," nikamwambia, "ukivuka mkorosho ule nitakurudisha Maramba kwa bakora." Akacheka, lakini hakuvuka.

Mwanangu, baba yake mjukuu huyo, ni fundi wa mageti na madirisha mjini Tanga. Yeye ndiye aliyeleta habari ya rangi ya unga. Huko kwao chuma hunyunyiziwa unga mkavu wa rangi, kisha huingizwa kwenye tanuri, unga unayeyuka na kushika kama ngozi. Akasema, "Mama, machubwi yakivalishwa hivi, risasi haigusi mkono wa mtu tena. Na yale ya rangi wanayataka sana wanaopeleka wageni kuvua Pangani." Neno la kwanza ndilo lililoniingia. La wageni lilifuata nyuma.

Tukajaribu kwa kioveni kidogo alichoazima kwa rafiki yake. Tukayatikisa machubwi ndani ya kopo la plastiki pamoja na unga mpaka yakapakaa, tukayatundika kwa vindoana vya waya, tukawasha. Nilipofungua, ya katikati yalikuwa mabichi, unga unapuputika. Ya juu, karibu na waya wa moto, yalikuwa yamerefuka kama chuchu za mbuzi na kudondokea chini. Mwanangu akakuna kichwa. Nikamwambia, "Hii si oveni. Hii ni fitina."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yote iko kwenye kuchagua oveni. Rangi ya unga inataka joto la mia mbili. Risasi yangu ya matairi inaanza kulainika juu kidogo tu ya hapo. Njia yenyewe nyembamba, na oveni inayodanganya itakutumbukiza upande huu au ule. Mwanangu akawa ananitumia picha kwenye simu, hii ina taa, hii ina kioo, hii ina vitufe saba. Nikamwambia picha haina joto, njoo twende dukani.

Nilibeba mkate wa boflo kwenye kapu. Duka la kwanza hawakutaka hata kuchomeka waya. La pili mwenye duka alikuwa mtu wa makamo mwenye subira, akanipa shikamoo, nikamwitikia, nikamwomba awashe oveni tatu za mezani alizokuwa nazo. Nikakata boflo vipande sawasawa, nikaweka kimoja kila pembe ya trei na kimoja katikati.

"Bibi," akasema, "umekuja kununua au kunywa chai?"

"Chai utaileta wewe. Mkate si huu hapa?"

Wateja wakacheka. Mwanangu akatazama barabarani kama hanijui. Lakini mkate hausemi uongo. Oveni ya kwanza ilichoma pembe mbili na kuacha katikati peupe. Ya pili, ile yenye vitufe saba, iliandika mia mbili, na kipimajoto cha mwanangu tulichokiweka ndani kikaonyesha joto lililopita hapo kwa mbali sana. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura, nzito, haina taa. Ila ilikuwa na feni ndani ya kuzungusha hewa, nafasi ya kutosha kutundika machubwi mbali na waya wa moto, na vipande vyangu vitano vilitoka rangi moja. Nikasema hii. Mwenye duka akala vipande viwili, akakiri kwamba hajawahi kuona mteja wa namna ile.

Tuliiweka kwenye kibanda cha kazi, kule mwisho wa kiwanja, na ilifanya kazi. Machubwi yalitoka mekundu na ya bluu, magumu, ukiyakwaruza kwa kucha hayatoi kitu. Unga wa rangi ndio uliotusumbua kwa unyevu wa pwani yetu, ukawa unagandana, mpaka nikautilia punje za mchele kama tunavyofanya kwenye chumvi. Nilipumua. Nikaona nimemwekea mjukuu wangu uzio.

Sasa nitasema kosa langu.

Nyumbani naishi na wifi yangu, dada wa marehemu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka, mswalihina, mpishi hodari, na hakatazwi kitu. Ukimwambia usiguse, anagusa ili ajue kwa nini. Siku alipoiona oveni ikishushwa kwenye gari macho yalimtoka. "Wifi, hii si ya kuchezea risasi. Hii ni ya mkate wa kumimina!" Kwetu mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, tunauoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mpishi wake hatoki jikoni nusu siku. Nilijua nikianza kumweleza habari ya sumu tutabishana mpaka Ramadhani. Angenitajia mababu na meno yao. Kwa hiyo nikachagua njia fupi. Nikamwambia mbwa wa jirani aliingia kibandani, akalamba trei na ndani kote.

Akarudi nyuma hatua mbili. "Astaghfirullah." Hakuitaja tena, na mimi nikajiona mjanja.

Miezi ikapita. Mjukuu tumbo likawa kubwa, mwezi wa saba, mbali kuliko mimba mbili za mwanzo zilipofikia. Wakwe wa Maramba wakaleta salamu kwamba Alhamisi watakuja kumtazama. Alhamisi hiyo hiyo fundi wa matairi wa Muheza akanipigia kwamba mzigo uko tayari, anayeutaka mwingine yupo. Nikaondoka asubuhi, nikasema nitarudi kabla ya wageni. Sikurudi kabla ya wageni. Gari liliharibika, tukakaa.

Niliposhuka na gunia langu nilisikia harufu ya hiliki. Nikafurahi, nikasema wifi kaamkia mkaa. Halafu nikagundua harufu haitoki jikoni. Inatoka mwisho wa kiwanja.

Gunia lilianguka palepale. Umri wangu si wa kukimbia, lakini nilikimbia. Kibandani oveni ilikuwa wazi, bado ya moto, imesuguliwa inang'aa, na ndoo ya udongo pembeni. Wifi yangu akanitokea na kanga mpya, anatabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, nimekutoharishia. Mara saba, na ya kwanza kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Miezi yote hii unakaa na najisi ndani ya kiwanja, hujui hata kuosha? Mikate minne imetoka kwa mpigo!"

Nikampita. Nikaingia ndani na vumbi langu. Wakwe walikuwa wameketi mkekani, mama mkwe na dada zake wawili, sinia katikati, mikate minne imekatwa pembe pembe. Mjukuu wangu amekaa kando yao na sahani mapajani. Juu ya sahani kipande.

"Weka chini!"

Akashtuka, sahani ikaruka. Nikalishika sinia kwa mikono miwili nikalivuta kutoka mbele ya wageni. Mwenzangu unayesoma, kama wewe ni wa pwani, unajua nilichofanya. Chakula kikishatua mbele ya mkwe hakiondolewi.

"Umekula?" nikamuuliza mtoto. "Sema kweli. Umekula?"

"Bibi, shikamoo..."

"Niache na shikamoo! Umekula?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, taratibu. "Hakuna aliyekula. Tungekulaje, na mwenye nyumba hajaja? Tumemwambia wifi yako tunakusubiri wewe."

Nikakaa chini na sinia langu mapajani, nikasema alhamdulillah, nikaisema tena, mpaka mjukuu akaanza kulia akidhani nimepatwa na kiharusi. Adabu ya watu wa Maramba ilikuwa imeyalinda yale niliyoshindwa kuyalinda kwa akili zangu.

Lakini wifi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. "Kwa hiyo mkono wangu mchafu? Mbele ya wakwe?"

Nikaona hapa hapana njia fupi tena. Nikasema yote. Kwamba hakukuwa na mbwa. Kwamba ile ni oveni ya risasi, na sumu ya risasi haijui udongo wala mara saba. Kwamba nesi alinionya, na mimi nikaona bora kudanganya kuliko kubishana. Nilizungumza nikimtazama mama mkwe, maana ndiye aliyenikabidhi mtu, na nilijua akisema "Binti, fungasha," sina la kumzuia.

Wifi alianza yeye. "Ungeniambia ni sumu ya mtoto, ningeigusa mimi? Nimlee baba yake, kisha nimuue yeye kwa mkate?"

"Ungebisha."

"Ningebisha! Siku tatu! Halafu ningekaa mbali. Wewe umenipa mbwa, na dawa ya mbwa naijua."

Mama mkwe akazungusha bangili yake. Kisha akasema, "Aliyevuta sinia mbele ya mkwe hana haya. Na asiye na haya namna hiyo atamlinda mtoto wangu. Leteni tende. Njaa inatuuma tangu saa nne." Dada zake wakaangua kicheko, na hapo ndipo na mimi nilipocheka, kwa mara ya kwanza tangu nishuke garini.

Mikate tuliifukia. Oveni mwanangu aliipakia Ijumaa ikaenda karakana kwake Tanga, na machubwi sasa yanapakwa huko. Wifi kila anayekuja anamwambia neno moja tu, bila mbwa: pale mwisho ni risasi, ni sumu, usiende. Watu hawaendi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Roho yangu haikutulia mpaka kliniki. Nilimweleza nesi kila kitu, akamtoa mjukuu damu ikapelekwa mbali kupimwa, na majibu yalikaa siku nyingi. Tulikwenda watatu kuyachukua. Nesi akayasoma, akayasoma tena, akasema damu ni safi na mtoto anakua vizuri. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikavua viatu, nikaiweka miguu juu ya saruji ya baridi. Wifi akaja akakaa kando yangu.

"Na mimi nipimwe basi," akasema. "Nilionja kona mbili jikoni, nilipokuwa naikata mikate."

"Wewe wakikupima watakuta ukaidi mtupu."

"Na wewe watakuta mbwa."

Mjukuu akatoka na kadi yake, anatembea polepole, tumbo mbele. Tukasogea tukampa nafasi katikati.