Mparachichi wa Fundi Dishi

Alhamisi asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu hapa kwangu Lizaboni, jirani akapiga hodi na kuniambia kupitia dirishani, "Fundi dishi amefariki. Wanazika kesho, Matogoro." Nikabaki nimesimama na povu upande mmoja wa uso. Nilijua anaumwa kifua tangu kiangazi, na nilikuwa nimepanga kwenda kumjulia hali Jumapili baada ya misa. Hakuingoja Jumapili yangu. Nimeumia, wasomaji wangu, na leo sitajikaza mbele yenu. Wengi wenu mnaosoma safu hii kazi ya mikono ya mtu huyu imesimama uani kwenu, na huenda hamkuwahi kumuuliza kwake anakaa vipi.

Kwa waliohamia Songea juzijuzi, niwaeleze. Zamani alikuwa fundi redio wa ushirika. Ushirika ulipoanza kuyumba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengine walirudi shamba, wengine wakafungua vibanda vya mitumba, yeye akaenda Dar es Salaam kujifunza kufunga madishi. Televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza huku bara, na mtu wa Songea asiye na dishi aliambulia chenga tupu. Madishi yenyewe yalikuwa yale makubwa ya kusimikwa kwa zege. Siku ya kwanza kwa mteja hakuja na dishi. Alikuja mikono mitupu, saa nne asubuhi, akasimama uani kwako ametulia. Alisema saa hiyo jua linakuwa karibu na upande ule ilipo satelaiti, kwa hiyo ukisimama mahali kivuli cha mti kikakuangukia, ujue na dishi litafunikwa hapo hapo. Wengi hatukuwa na subira hiyo. Tuliuza mahindi na kahawa, tukanunua dishi kiangazi miti ikiwa imepukutika, tukaamuru lisimikwe tunapotaka sisi. Picha safi kabisa! Mvua za kwanza zikinyesha majani yanachipua, picha inageuka chenga, na mtu anatoka mbio kwenda kumlaumu fundi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwangu ulikuwa mkrismasi, ule mti wa maua mekundu. Alipokuja nilikuwa nimeshatafuta shoka. "Polepole, mwandishi," akaniambia. "Mti huu nani aliupanda?" Nikamjibu sijui, niliukuta. "Basi muulize shemeji kama ana neno." Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema watoto wanacheza chini ya mti ule, na atakayeukata atawalea yeye mchana kutwa. Fundi akacheka sana. Akapanda na msumeno, akawa anapunguza tawi moja la juu kidogo kidogo, nami niko dirishani naitazama televisheni napiga kelele: "Bado! Bado kidogo! Hapo hapo, fundi, usiguse tena!" Mti upo mpaka leo, na picha ipo.

Aliposhuka nikamtania. Mji mzima ulikuwa unamtania kwa jambo hilo. Nyumbani kwake Matogoro dishi lilikuwepo, ila lilikuwa limelala chali uani, na mke wake alikuwa anaanikia dagaa wa Nyasa humo. Watu walisema dishi la fundi linakamata dagaa peke yake. Mwenyewe alikuwa amemweleza mke wake kwamba milima ya Matogoro inaziba mawimbi, na mama wa watu akawa anawaeleza hivyo hivyo majirani. Nikamwambia, "Fundi, hiyo milima yako huwezi kuipunguzia tawi?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Milima gani, mwandishi? Dishi linatazama juu, linaipita milima yote. Ni mparachichi." Akanieleza akiwa anafuta msumeno. Walipata mtoto wa kike, wa kwanza. Kitovu kilipodondoka bibi yake alikizika uani na mparachichi ukapandwa juu yake, kama wengi wetu tulivyofanyiwa. Mtoto akafa kwa homa kabla hajaanza shule, wakamzika kijijini kwao, upande wa Hanga, mbali na nyumbani. Mti ukabaki, ukakua, ukatanda. Uwanja wake ni mwembamba, huku nyumba, huku korongo, na mahali pekee pa kusimika dishi mparachichi unapafunika, masika na kiangazi. "Nikimwambia mama ni mti, atasema ukate," alisema. "Atasema haraka, ili mimi nisipate shida. Halafu atalia. Bora milima, mwandishi. Milima hakuna anayeweza kuikata."

Mngeweza kusema ni televisheni tu, mtu hafi kwa kukosa picha. Lakini mama yule anapenda kwaya kupita kiasi, aliimba sauti ya kwanza parokiani mpaka miguu ilipoanza kumsumbua, na kwaya zilikuwa zinaonyeshwa Jumapili jioni. Mwanzoni haikuwa tabu. Mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, mwenyewe anaielekeza dirishani, watu wanakuja na vigoda vyao, na asiyekuja anaulizwa kama anaumwa. Kisha uchumi ukafunguka, kila mwenye uwezo akanunua yake, na sijui kwa nini tulianza kufunga milango. Tukajenga kuta, tukaweka mageti. Jumapili moja mama yule alienda na kigoda chake, akabisha hodi, akasikia kwaya inaimba ndani na hakuna aliyeitika. Akarudi nacho nyumbani. Fundi alinisimulia hilo mwenyewe. Jumatatu yake alinoa shoka. Alisimama chini ya mparachichi na shoka mkononi mpaka jua likawa kali, akarudi kuliweka. Alikuwa ameuwekea mji huu macho ya kuona dunia nzima, na mke wake alikuwa anasikiliza kwaya ya jirani nje ya geti.

Ijumaa tulizika. Tuliporudi nyumbani kwa marehemu, vijana wa ukoo walitaka kupunguza matawi ya mparachichi wapate pa kutandaza turubai, maana wingu lilikuwa limetanda. Mjane alikuwa ameketi mkekani na kina mama. Akanyanyua mkono tu, wakaacha. Baadaye akaniita nikae karibu. Nilimpa pole. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mlamu," akaniita, kama wanavyowaita mashemeji kwao, "na wewe aliwahi kukuambia ni milima?"

Nikaligeukia dishi lililolala pale uani.

"Milima!" akasema, na nusura acheke. "Mimi naanika dagaa kwenye hilo dishi kila asubuhi. Saa nne kivuli cha mti kinakuja juu ya dagaa wangu, nakaa nasubiri kipite. Na yeye habari za kivuli cha saa nne alikuwa anawahubiria wateja humu humu barazani, mimi nasikia. Unadhani sikujua?"

"Sasa mama, mbona hukumwambia?"

Akavuta kanga, akajifuta uso. "Ningemwambia najua, angejiona ananinyima, angeukata siku ile ile. Alikuwa anaamka kabla yangu, mlamu. Anatoka, anasimama pale, anamsalimia binti yake. 'Umeamkaje, mama?' Anadhani nimelala. Angenikatia mti ule, halafu asubuhi angemsalimia nani?"

Nililia pale mkekani mbele za watu, na sioni aibu kuandika hivyo. Wawili wale waliishi miaka yote wakitunziana siri moja, fundi akidhani anaibeba peke yake, na mkewe akimwacha adhani hivyo. Mvua ilipoanza hatukuwa na turubai. Tuliingia wote chini ya mparachichi, waombolezaji na mjane, tukabanana pale mpaka ikakatika.

Mkiniuliza nimetoka na nini msibani, ni hili tu. Siku hizi sote tuna mashoka, na sote tuna haraka ya kuona mbali. Mti ukikuzibia, kabla hujaugusa, uliza kwanza nyumbani kwako ni nani anayeusalimia asubuhi.