Modeli yangu ilisema Echati angefaulu mtihani ambao hakuufanya

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii nimeikalia miaka mingi. Yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa, na nilichobadilisha ni jina la binti tu. Wapenda vichekesho mtanisamehe leo.

Mimi ni Mzanzibari, mama yangu Mngazija wa Itsandra. Nilisomea takwimu, na baada ya chuo nikapata kazi Moroni, kisiwani Ngazija, kwenye mradi mmoja wa elimu. Ilikuwa miaka ile Ndzuani, yaani Anjouan, imejitangaza kujitenga na visiwa vingine vya Komoro.

Nilifikia kwa mama mdogo, mtaa wa Magoudjou. Nyumba zimebanana, jirani akikaanga pilipili wewe ndiye unayepiga chafya.

Hapo ndipo nilipomkuta Echati.

Kwao ni Mirontsy, huko Ndzuani, jirani na Mutsamudu. Baba yake aliuza vitambaa na alifahamiana na marehemu mume wa mama mdogo. Kule shule zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa, na hakuna aliyejua cheti cha kule kitatambuliwa wapi. Mzee akaona binti aje Moroni amalizie sekondari, afanye mtihani wa mwisho unaoeleweka.

Alitaka kuwa mfamasia, hana habari nyingine. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakueleza na kazi yake mwilini.

Jioni nilikuwa namsaidia hesabu. Akaniita fundi, maana kule mwalimu ndiye fundi. Kusema kweli alikuwa ananisahihisha mimi.

Sasa kazini. Swali letu lilikuwa moja: je, mtoto wa kila kisiwa anapata haki sawa ya kusoma? Tulikusanya alama za wanafunzi na hali za nyumbani kwao, tukaziingiza kwenye modeli. Kwa wasiozoea, modeli ni hesabu inayojaribu kutenganisha sababu: hapa alama zimeshushwa na shule, hapa na umaskini, hapa na kisiwa. Tuliuliza mpaka kama nyumbani wanajenga nyumba ya matofali, tukihesabu kuwa ni dalili ya uwezo.

Echati alikuwa mmoja wa tuliowahoji. Alijibu kwamba kwao wanajenga.

Mtihani ukiwa umekaribia, mambo yakachafuka. Mazungumzo ya kuviunganisha visiwa yalikwama, na Moroni watu wakawageukia wenzao wa Ndzuani. Vijana walipita mitaani wakisikiliza lafudhi za watu. Majirani tuliofuturu nao sahani moja wakaanza kumuuliza mama mdogo yule binti anaondoka lini.

Mama mdogo aliwajibu vibaya, halafu akaingia ndani akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia.

Ikabidi Echati arudi kwao. Tulimpeleka bandarini asubuhi. Alikuwa amejitanda shiromani, ile nguo nyekundu ya wanawake wa Ndzuani, na hiyo peke yake ilitosha kumtambulisha. Mama mdogo akamvua, akamfunika leso yake mwenyewe. Shiromani ikabaki Magoudjou.

Kabla hajapanda boti akaniambia, "Fundi, mnishikie nafasi yangu."

Nikamwambia tutaishika. Ningesema nini, wakuu?

Mtihani ukafanyika bila yeye.

Matokeo yalipoingia kwenye data, watoto wa Ndzuani wengi walikuwa na pengo mahali pa alama ya mwisho. Bosi wetu, mgeni aliyetoka ng'ambo, akasema ni jambo la kawaida, wenye mapengo tuwaondoe. Tukawaondoa, tukaendesha modeli. Ikasema tofauti kati ya visiwa ni ndogo sana.

Lazima iwe ndogo! Walioumia umewatoa nje, umebaki na wazima, halafu unawapima wazima unasema hakuna mgonjwa.

Nilibishana mpaka bosi akachoka. Akaniruhusu kutumia njia nyingine: hufuti mtu, unakadiria alama yake kutokana na yale unayoyajua juu yake na juu ya waliofanana naye. Nikaendesha upya. Wengi wa Ndzuani wakatoka chini, tofauti ikaonekana wazi, ikaingia kwenye ripoti, na ripoti ikasifiwa.

Ila mahali pa Echati palitoka alama ya juu. Angefaulu vizuri.

Nilifurahi kijinga. Nikaona nimemshikia nafasi yake.

Hali ilipotulia, mama mdogo akanipa ile shiromani, kaifua na kuipiga pasi, akaniambia nenda ukamrudishie mwenyewe. Nikaenda Mutsamudu, nikafika Mirontsy.

Nilimkuta kwenye nyumba mpya, saruji bado inanukia, mtoto mgongoni. Kule binti hujengewa nyumba na wazazi wake, mume ndiye anayehamia. Baba yake alikuwa akijenga polepole. Shule iliposhindikana, akiba ya masomo ikamalizia kuta na paa, na binti akaozwa.

Nilikaa nikiziangalia zile kuta. Kwenye modeli yangu zilikuwa zimempandishia alama.

Nikamweleza yote. Alisikiliza kwa makini, kama zamani.

"Kwa hiyo ilisema nimefaulu?"

"Ilisema ungefaulu."

"Hiyo karatasi ina mhuri, fundi?"

Nikajaribu kumfafanulia kuwa ile si alama yake hasa, modeli inazungumzia watoto walio kama yeye.

"Walio kama mimi waliufanya mtihani," akasema. "Mimi niliambiwa nirudi kwetu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Akaichukua shiromani, akainusa, akaikunja, akaniuliza mama mdogo anaendeleaje. Akanitilia chai.

Wakuu, bado nafanya kazi ya takwimu na bado nakadiria mapengo, kwa sababu kuwafuta watu ni vibaya zaidi. Nilichojifunza ni kwamba namba yangu ilimfaa bosi, ikaifaa ripoti, ikanifaa mimi. Echati hakuwahi kuomba namba. Aliomba kiti kwenye chumba cha mtihani, na kukishika kile kiti hakuna hata mmoja wetu aliyejaribu.

Wenye kazi za data humu, karibuni mnikosoe, sitakasirika.

Na kama yupo aliyefanya mtihani ule Moroni, naomba aniandikie jambo moja tu: kile kiti cha pembeni yako, waliacha kitupu au walikiondoa?