Beki Aliyegeuka Nyuma

Jumamosi iliyopita nilipiga kelele kwenye kibanda umiza, pale tunapolipia kutazama mpira hapa Bariadi, mpaka nikajionea aibu. Mimi, mama mzima, fundi cherehani ninayeshonea watu sare za kwaya! Neno lenyewe lilikuwa moja tu: "Wapo!" Watu wote wakageuka. Dereva wa bodaboda aliyekaa benchi la mbele akaniuliza, "Nani wapo, dada?" Nikajifanya nafunga kitenge changu. Wewe nitakujibu, rafiki yangu, maana wewe husikilizi kwa sikio moja kama wale.

Maneno yalianza kabla ya mpira. Kikosi kilipotokea kwenye televisheni, wakaona beki wa kati ni yuleyule, kibanda kizima kikaguna. "Kocha kampanga tena huyu?" akasema wa bodaboda. "Huyu ni uchochoro, kila mtu anapita!" Muuza duka la dawa, ambaye kila wikiendi anageuka kocha, akasema kosa si la mtu, ni la mfumo: kuweka mabeki watatu ni kujitafutia balaa, warudishwe wanne, na yule kijana mpya aliyesajiliwa apewe nafasi. Mwalimu mstaafu akadakia kwamba hata wawe kumi, maadamu mmoja wao anageukageuka kama mtu aliyeacha chungu jikoni, magoli yataingia tu. Wakacheka sana.

Nje, chini ya ukingo wa bati, alikuwa amekaa mama yake huyo beki na beseni lake la michembe. Zamani alikuwa jirani yetu kijijini, sasa anakaa mtaa wa pili na kwangu. Macho yake hayaoni vizuri, na hajui ofisaidi wala kona. Kila siku ya mechi hunisimamisha mlangoni na kuniuliza swali moja tu: "Mwadila, ng'wanone. Yupo?" Mwadila ni salamu, na ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma chetu; ndivyo anavyoniita. Namjibu, "Yupo, mama," naye anatabasamu, anakaa hapo nje kuuza michembe na kusikiliza kelele zetu kupitia bati. Mkataba wa mwanawe unaisha msimu huu. Asipopangwa, hakuna wa kumwongezea, na hilo hata mama asiyejua ofisaidi analijua.

Basi mpira ukaanza, na haukupita muda, wapinzani wakapata nafasi ya krosi. Yule beki akageuza shingo. Hakumtazama mshambuliaji, alitazama nyuma kabisa, nyuma hata ya goli. Hapo ndipo "Wapo!" liliponitoka. Krosi ikampita begani, goli.

"Anaangalia nini huko nyuma?" "Kauza mechi huyo!" "Karogwa, nawaambia, karogwa!" Ni watu haohao, jamani, waliomsindikiza kwa msafara wa pikipiki na honi mwaka ule aliposajiliwa, wakijipiga kifua kwamba ni mtoto wetu wa Simiyu. Leo timu ikifungwa hakuna anayemjua. Na mama yake yuko nje, bati moja tu katikati, anasikia kila tusi. Nilitamani kuwachapa na ndala.

Mimi najua anaangalia nini. Anaangalia ng'ombe.

Tulikulia pamoja upande wa Lingeka, kule Meatu, nyumba yao na ya bibi yangu zikitenganishwa na ua wa minyaa. Bibi hakuwa na mjukuu wa kiume wa kutuma machungani, akanituma mimi, na waliosema sana aliwaambia wamletee wa kwao. Asubuhi tulikunywa maziwa ya mgando, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nikafunga michembe kwenye ncha ya kitenge, tukafungulia ng'ombe wa kwao na wa kwetu, tukaondoka nao huku vumbi likitupanda mpaka kwenye nyusi. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, migumu hasa. Unauweka shavuni unalainika polepole, na utamu unakuja ukiwa umeshaanza kuwaza mengine. Ile anayouza mama yake hapa mjini ni ileile, ila siku hizi naitafuna haraka.

Kulikuwa na ngitili, malisho ambayo wazee waliyatenga yasiguswe mpaka kiangazi kikaze. Kando yake ndipo palipokuwa na uwanja wetu wa chandimu. Magoli tuliyapanga kwa katambuga, zile ndala za tairi. Golini walinisimamisha mimi, eti msichana hawezi kukimbia. Thubutu! Nilikuwa nawapita wote wakati wa kuswaga ndama. Mbele yangu alisimama yeye, kwa sababu yeye ndiye mdogo na hakuna aliyetaka ubeki, wote walitaka kufunga wabebwe. Na sheria ya machungani ilikuwa kwamba beki ndiye mwenye ng'ombe. Mpira ukiwa mbele, beki hana kazi, basi achunge. Nyuma ya goli langu walikula ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe kulikuwa na pamba ya watu.

Sasa siku moja tukacheza na watoto wa kijiji cha pili, tukawa tunaongoza. Tulipofunga goli jingine sote tulikimbia kushangilia, naye akakimbia, mtoto wa watu, siku hiyo moja tu. Tuligutushwa na yowe. Ng'ombe walikuwa wameshaingia kwenye pamba, na pamba yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inapasuka. Baba yake alikuja na fimbo, akamchapa pale pale uwanjani mbele yetu sote, na kila fimbo ilikuja na swali lilelile: "Macho yako yalikuwa wapi? Macho yako yalikuwa wapi?" Hakuacha mpaka bibi yangu alipoingia katikati na jembe lake mkononi. Hakuna hata mmoja wetu mwingine aliyeguswa, ingawa ng'ombe walikuwa wetu sote.

Kuanzia hapo hakucheza tena bila kugeuka. Mpira ukija anageuka, usipokuja anageuka, na wale wa mbele wakaanza kumpita wanavyotaka. Jioni tukirudi nyuma ya ng'ombe, wakubwa walijadili kikosi kama wanavyojadili leo hapa mjini: atolewe, fulani arudi nyuma, huyu kazi yake imwishie kwenye fimbo. Yeye alitembea akichora mavumbini kwa fimbo yake. Mimi nilimwona vizuri kuliko wote, maana kila alipogeuka uso wake ulikuja kwangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa na hofu, uso mzima umejaa hofu.

Basi nikamwambia, wewe tazama mbele, nyuma niachie. Mpira ukiwa mbali niligeuka mimi, nikahesabu mabaka na pembe ninazozijua, kisha nikapaza sauti: "Wapo!" Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu, kunionyesha amesikia, akaendelea kukaba. Loo, rafiki yangu, ungemwona! Hapakuwa na wa kumpiga tobo wala kanzu. Wale wakubwa waliotaka atolewe wakawa wanagombania kuwa upande wake. Bibi, akiwa shambani, alisikia kelele zetu na kusema, "Mpira hautoi maziwa." Lakini usiku, tulipokaa kwenye ugali wa mtama na mboga ya majani ya kunde, aliniuliza kwa chati, "Na yule beki wako leo hajafungwa?"

Ndiye huyo wanayemwita uchochoro. Alichapwa kwa kutoangalia nyuma, leo wanamtukana kwa kuangalia. Akitulia hageuki, hata msimu mzima hageuki, lakini mashabiki uwanjani wakianza kumzomea ile hofu inarudi, shingo inakwenda yenyewe. Kocha gani atamfundisha hilo? Muuza dawa na mfumo wake wa mabeki wanne anajua nini?

Na hata ningekuwa na sauti ya kufika huko uwanjani, ningekuwa namdanganya. Hawapo. Ukame uliua wengi, waliobaki wakauzwa mmoja mmoja. Bibi tulimzika. Ngitili imekatwa viwanja na mashamba, sehemu niliyokuwa nadaka mpira wanafyatua matofali, na minyaa iliyotenganisha nyumba zetu imeng'olewa hata shimo halionekani. Nilipita pale mwaka jana, nikasimama nitafute pa kulilia, nikapakosa. Bado yeye anageuka kulinda vitu ambavyo havipo, na hapa Bariadi wanamuuliza macho yake yako wapi.

Jana kulikuwa na mechi tena. Nilichelewa kwa makusudi, nikaingilia mlango wa nyuma ili mama yake asinione, kwa sababu kikosi nilikuwa nimeshakiona kwenye simu. Kijana mpya alipangwa badala ya beki wetu, mabeki walikuwa wanne, na muuza dawa alikaa kama aliyemteua kwa mkono wake. Tukafungwa mabao zaidi ya yale ya Jumamosi. Unajua walisemaje? "Bado mgeni, atazoea." Hakuna aliyetukanwa. Wakaondoka wakizungumza habari za mvua.

Nilipotoka, mama alikuwa bado amekaa palepale, beseni limebaki nusu, anatabasamu gizani gizani kama mtu aliyepata habari njema. Akanishika mkono.

"Leo sijawasikia wakimtukana, ng'wanone," akasema. "Kacheza vizuri, eeh?"

Nikachuchumaa karibu naye.

"Hayupo, mama."