Mwalimu Aliyeitafuta Sauti ya Pedali Ndani ya Kompyuta

Juzi nilipigiwa simu kutoka Nduguti nikaambiwa kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia amefariki, na atazikwa kwao Iguguno. Hakuwa ndugu yangu. Tulifahamiana siku nilipompelekea redio mbovu aitengeneze, nikamkuta mama huyu ameinamia kompyuta yenye mchoro wa saketi. Aliniambia kifaa kile hakijatengenezwa bado popote duniani. "Nakijaribu humu kwanza," alisema. "Kikiungua humu, hakuna kilichoungua." Nilisahau redio yangu, nikavuta kiti.

Siku hizo alikuwa pia akihangaikia jambo la mzee mmoja wa Misigiri, mpiga gitaa wa zamani. Mzee huyo alikuwa na pedali, kisanduku cha bati kinachokanyagwa kwa mguu ili sauti ya gitaa ikwaruze. Kilitengenezwa na mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu, na kilikuwa kimenyamaza kwa miaka. Mzee hakutaka fundi yeyote akiguse, maana kikiharibika hakuna mwingine wa kukitengeneza. Mwalimu aliomba kufungua kifuniko tu. Alinakili kila transista na kila waya, akaviingiza kwenye programu, kisha tukaenda naye Misigiri.

"Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mwalimu. Umemfufua?" Mwalimu alicheka, akachomeka gitaa kwenye kompyuta, akamwomba apige. Alinieleza kwamba programu huchukua sauti hiyo safi, ikapiga hesabu ya namna ambavyo ingetoka upande wa pili wa pedali. Tukasubiri. Sauti ilipotoka, mimi niliona imepatia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. "Inafanana, Mwalimu. Lakini mdogo wangu hayumo."

Nilidhani Mwalimu angemwambia kwamba hesabu haidanganyi. Aliurudia mchoro wote kwa kidole, hakuona kosa. Akafunga daftari, akamgeukia mzee. "Siku zile mlitumia betri gani?" Mzee alishangaa swali lenyewe. "Zilezile za tochi, sita, tunazifunga pamoja. Zikichoka tunazianika juani, tunaendelea kupiga. Mpya tungezitoa wapi kila wiki?" Mwalimu alijishika shavu. Katika mchoro wake alikuwa ameweka betri mpya, isiyochoka kamwe, betri ambayo pedali ile haikuwahi kuionja isipokuwa siku za sikukuu. Akapunguza umeme, akaongeza udhaifu wa betri kuukuu, akaipitisha tena ileile sauti ya gitaa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Safari hii ilitoka na ukavu kooni, na kila noti ilikatika mwishoni kama mtu aliyeishiwa pumzi. Mzee aliweka kiganja juu ya meza. "Huyo," alisema. "Huyo ndiye." Kisha akatoka nje, na sisi hatukumfuata.

Baadaye Mwalimu aliunda pedali mpya kwa kufuata mchoro ule, akaiwekea kitufe cha kuuchosha umeme kadiri mpigaji anavyotaka. Mzee aliipiga kanisani siku ya mavuno, na watu wazima walioikumbuka sauti ile walionekana wakitazamana. Kile kisanduku cha bati kipo kwake mpaka leo, hakijaguswa.

Tangu nisikie habari za msiba nimekuwa nikiwaza jinsi mambo yalivyobadilika. Mtu wa wilaya yetu ya Mkalama leo anaweza kujaribu kifaa ambacho hana hata kipande chake kimoja mkononi. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kompyuta ile ilijibu sawasawa ilichoulizwa, na bado mzee hakuridhika. Kama Mwalimu angeiamini yenyewe peke yake, mzee angerudi ndani na huzuni yake, nasi tungeondoka tukijiona tumefaulu. Kwa hiyo, msomaji wangu uliyesoma, mtu asiyejua majina ya vitu akikwambia kuna kitu hakipo, usimfundishe kwanza. Kaa chini, umuulize aliishije nacho.